Majivu ya pumba za mpunga kwenye lami: jinsi ya kuchoma, kukoroga, kupima na kujaribu barabarani

Habari zenu wakuu. Hili swali la kuchanganya mabaki ya mimea kwenye lami naulizwa sana na vijana wa maabara na mafundi wanaoziba viraka huko wilayani. Wengi wamesikia juu juu kwamba pumba za mpunga zinaongeza nguvu, basi mtu anachukua ndoo ya majivu anamwaga kwenye pipa la lami ya moto, anakoroga na fimbo dakika tano, wiki ya pili kiraka kimeng'oka anasema hii kitu ni uongo. Sio uongo. Uholanzi tangu 2015 wana vipande vya barabara ambavyo sehemu ya lami imepunguzwa ikawekwa lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia mti usimame, na India Desemba 2024 wamezindua kipande cha kilomita 1 cha namna hiyo karibu na Nagpur. Wajerumani wao lami ya kokoto kubwa waliianza miaka ya 1960, na siku hizi wanaitia nyuzi za selulosi, yaani nyuzi za mimea. Sisi huku pumba zinaungua bure nyuma ya mashine za kukoboa kuanzia Ifakara, Mbarali mpaka Mwea, alafu lami tunaisubiri ishuke melini. Hilo linaniuma ndo maana nimeamua niandike lote, kuanzia pumba mpaka barabarani.

Kitu kimoja tukubaliane kabla ya yote: kila unachofanya hapa unakilinganisha na lami ile ile, ya pipa lile lile, ambayo hujatia kitu. Usipokuwa na sampuli ya kulinganishia hauna jibu, una maoni tu.

Hatua ya 1: jua barabara inaumwa nini

Hapa ndo watu wengi wanaruka. Kila kitu cha mimea kina ugonjwa wake kinaotibu.

Kama barabara inatitia kwenye njia za matairi, hasa pale malori yanapopanda kilima taratibu, kwenye foleni ya mizani, stendi au kwenye taa za barabarani, hiyo mara nyingi lami inalainika mno kwenye joto. Jua la saa nane mchana huku pwani uso wa lami unaweza kufika nyuzi 60, na lami ya 60/70 (hilo ni daraja la ugumu wake, nitalieleza hatua ya 5) inaanza kulainika karibu na nyuzi 50, kwahiyo unaona mwenyewe lori la tani nyingi linafanya nini hapo. Hapa majivu ya pumba yanasaidia, kwasababu ni chembe ndogo sana ngumu za silika zenye vitundu vitundu, zinanyonya sehemu ya mafuta mepesi ya lami na zinaifanya ikaze.

Kama lami inachuruzika kutoka kwenye kokoto wakati wa kusafirisha, kwenye ule mchanganyiko wenye kokoto kubwa nyingi na lami nyingi, unahitaji nyuzi za mimea kama singa za mkonge, sio majivu. Kama lami ni kuukuu imekauka na imepasuka kama ngozi ya mamba, majivu ndo utaimaliza kabisa, hiyo inataka mafuta ya kuilainisha. Na kama maji yamekaa chini ya barabara kwasababu mtaro umeziba au kifusi cha chini hakikushindiliwa vizuri, acha kabisa habari ya mimea, kazibue mtaro kwanza.

Pia angalia hali ya hewa ya mahali ulipo. Majivu yanakaza lami, na lami iliyokazwa sana ikipata baridi inakuwa kavu na kupasuka. Mtu wa Tanga au Mombasa ana nafasi kubwa ya kucheza kuliko mtu wa Makete au Limuru.

Hatua ya 2: kupata pumba na kuzichoma

Pumba utazipata bure au kwa bei ya kubeba tu. Mpunga ukikobolewa, kama asilimia 20 ya uzito wake ni pumba, na pumba zikiungua vizuri zinabaki kama asilimia 20 majivu. Hesabu yake ni hivi: pipa la lami la kilo 180 ukitaka kutia asilimia 4 unahitaji kilo 7.2 za majivu, maana yake pumba kilo 36, lakini kwakuwa kwenye kuchekecha utapoteza, beba hata kilo 60 au 70. Sio mzigo wa kutisha, ni viroba kadhaa.

Kuna watu wanachota majivu kwenye matanuri ya matofali ya kuchoma, si unajua kule wanatumia pumba kama kuni. Mimi siyapendi hayo. Yana udongo na vipande vya tofali, na kila kona ya tanuri imeungua kivyake, leo unapata mazuri kesho mabaya. Sawa na yale ya kwenye rundo linalofuka moshi siku nne nyuma ya mashine, juu meupe ndani meusi tii.

Chukua pipa la chuma la lita 200, litoboe matundu ubavuni na chini ili hewa iingie, ujaze pumba kavu, uwashe kwa juu na uziache ziungue zenyewe polepole. Unachotaka ni joto la kama nyuzi 500 mpaka 700. Chini ya hapo inabaki kaboni nyingi, na ukizidisha sana ukawa unapuliza moto kama mhunzi, silika inabadilika kuwa fuwele, ambayo kwenye lami haina faida ya ziada na vumbi lake ni baya mno kwa mapafu. Kama una kipimajoto cha waya cha tanuru kitumie. Kama hauna, angalia rangi: chukua kidogo, sugua kati ya vidole viwili, ikiwa kijivu cheupe na inasagika laini kama poda ya mtoto ni nzuri, ikiacha weusi wa mkaa kwenye kidole irudishe motoni.

Ukiwa na maabara hakikisha kwa mizani. Pima gramu 10 za majivu makavu, rudisha kwenye tanuru la nyuzi 600 hivi kwa saa mbili, yapoe, pima tena. Uzito uliopotea ndo kaboni iliyokuwa imebaki, andika namba hiyo, na kila ukichoma mzigo mpya namba iwe karibu na hiyo hiyo.

Hatua ya 3: saga, chekecha, KAUSHA

Saga majivu kwenye mashine ya gololi au hata kinu, alafu pitisha kwenye chekeche la milimita 0.075, wenyewe tunaita sivu namba 200. Kinachobaki juu saga tena au tupa. Vaa barakoa nzuri ya vumbi, sio kitambaa.

Alafu kausha kwenye oveni nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena, na funga kwenye ndoo yenye mfuniko. Naomba hili ulishike kuliko yote niliyoandika. Majivu ya pumba yana vitundu, yanakunywa unyevu wa hewa kama sponji. Kuna siku wakati wa masika nilikausha majivu jioni nikayaacha kwenye kiroba wazi juu ya sakafu ya saruji, asubuhi nikayatia kwenye mkebe wa lami ya nyuzi 160 bila kuyarudisha oveni. Yaani sekunde kama tatu hivi lami ilianza kutoa mapovu madogo pembeni, alafu ikapanda yote kwa pamoja kama maziwa yanavyofurika, ikamwagika juu ya jiko na mezani. Glavu ndefu ndo ziliniokoa mikono. Maji yakigeuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita, na ndani ya lami nzito mvuke hauna pa kutokea isipokuwa kuinyanyua lami yenyewe. Hapo ilikuwa mkebe wa nusu kilo. Fikiria ni pipa.

Hatua ya 4: kupika na kukoroga

Tuanze kidogo. Gawa lami ya pipa moja kwenye mikebe minne ya gramu 500. Mmoja hautii kitu, huo ndo wa kulinganishia, mingine tia gramu 10, gramu 20 na gramu 30, ambayo ni asilimia 2, 4 na 6 ya uzito wa lami.

Pasha lami taratibu mpaka nyuzi 150 hadi 160. Usivuke 170, lami ikizidi moto inazeeka hapo hapo jikoni, alafu utasema majivu ndo yameikaza kumbe umeiunguza wewe. Kwasababu hiyo hiyo ule mkebe usio na kitu nao uupashe na kuukoroga muda ule ule sawasawa na mingine, watu wengi wanausahau huu na ndo unaharibu majibu yao yote.

Majivu yaingie yakiwa ya moto kutoka oveni, kijiko kimoja kimoja, huku kikorogeo kinazunguka. Ukimwaga yote yanafanya madonge, na donge likishapakwa lami kwa nje ndani linabaki kavu milele. Mashine ya kukoroga kwa kasi ya mizunguko elfu kadhaa kwa dakika ndo nzuri, ila drili ya mkono yenye panga la kukorogea imefungwa kwenye stendi inafanya kazi, koroga dakika 45 mpaka saa moja joto likiwa lile lile. Kujua kama imechanganyika, chovya fimbo ya kioo, itoe, angalia ile lami inayochuruzika: inatakiwa iwe na mng'ao mmoja, ukiona vipunje kama mchanga endelea kukoroga.

Kuhusu usalama sitasema mengi ila haya hayana mjadala: mikono mirefu, glavu za ngozi, miwani, buti. Lami ikishika moto usimwagie maji, funika kwa mfuniko au tumia mchanga mkavu. Lami ikikudondokea mwilini weka sehemu hiyo kwenye maji baridi yanayotiririka kwa muda mrefu, sio chini ya dakika 20, na USIIBANDUE, itaondoka na ngozi, nenda hospitali nayo hivyo hivyo.

Hatua ya 5: vipimo vya lami yenyewe

Penetresheni ndo ya kwanza. Sindano yenye mzigo wa gramu 100 inaachiwa sekunde 5 kwenye lami ya nyuzi 25, na kile kina ilichozama kinasomwa kwa sehemu za kumi za milimita. Ndo maana ya 60/70 hiyo, sindano inazama milimita 6 mpaka 7. Kwenye mikebe yenye majivu utaona namba inashuka.

Ya pili ni ya pete na gololi na mimi ndo naipenda zaidi kwasababu unaona kwa macho. Lami inamiminwa kwenye pete mbili za shaba, juu yake inakaa gololi ya chuma ya gramu 3.5, chombo chote kinazama kwenye maji ya nyuzi 5 alafu unapandisha joto nyuzi 5 kila dakika, hapo usikimbize jiko. Kaa uangalie. Kwanza lami inatengeneza tumbo dogo, gololi inaanza kuzama, alafu inashuka imevaa lami kama soksi mpaka inagusa bamba la chini, milimita 25. Joto la wakati huo ndo joto la kulainika. Ikiwa majivu yanafanya kazi, gololi ya mkebe wa asilimia 4 itachelewa nyuzi kadhaa kuliko ya lami tupu. Gololi mbili za sampuli moja zikipishana zaidi ya nyuzi 1 rudia.

Ya tatu ni kuvutika. Lami inavutwa sentimita 5 kwa dakika kwenye maji ya nyuzi 25 unaangalia inakatika wapi. Hapa ndo gharama ya majivu inapoonekana, urefu utapungua, na ukiona kwenye asilimia 6 umeporomoka sana basi jibu lako liko kwenye 4 au chini yake. Usishangilie joto la kulainika peke yake.

Ya nne wengi hawaifanyi, nayo ni ya kutuama. Majivu yana uzito wa kama mara mbili ya lami kwa ujazo ule ule, kwahiyo ukiacha pipa limesimama moto usiku kucha majivu yanashuka chini. Jaza lami kwenye mrija mwembamba wa alumini, usimamishe wima kwenye oveni nyuzi 163 kwa saa 48, ugandishe kwenye friza, ukate vipande vitatu, kisha pima joto la kulainika la kipande cha juu na cha chini. Vikipishana zaidi ya nyuzi 2 na nusu hivi, basi hiyo lami haitakiwi kutunzwa, inakorogwa na kutumika siku hiyo hiyo, na tanki lazima liwe na kikorogeo kinachozunguka muda wote. Kwa majivu mara nyingi ndivyo inavyokuwa, kwahiyo panga kazi yako ukijua hilo.

Hatua ya 6: pamoja na kokoto

Chukua kiwango kilichofanya vizuri, tuseme asilimia 4, tengeneza vipande vya Marshall, yaani vipande vya mviringo vya kokoto na lami vinavyoshindiliwa maabara alafu vinavunjwa kupima nguvu. Kila kipande kokoto za gramu 1200 hivi, kinashindiliwa mapigo 75 kila upande kama ni barabara ya magari mazito. Tengeneza kwa lami ya asilimia 4.5, 5, 5.5 na 6, kila kiwango vipande vitatu, na ufanye seti nyingine sawasawa kwa lami isiyo na majivu. Nafasi za hewa ziwe kati ya asilimia 3 na 5. Mambo mawili ya kuangalia: majivu uliyotia kwenye lami ni fila pia (unga laini unaojaza nafasi kati ya kokoto), yaingize kwenye hesabu ya vumbi la kokoto usije ukawa na unga mwingi kupita kiasi, na kwakuwa yanakunywa lami kiwango bora cha lami kinaweza kupanda kidogo. Kikipanda sana, faida ya pesa inaondoka.

Baadhi ya vipande loweka kwenye maji ya nyuzi 60 kwa saa 24, vingine dakika 30 tu, alafu vunja vyote. Nguvu ya vilivyolowekwa muda mrefu ikiwa chini ya asilimia 75 ya wenzao, mvua ya kwanza tu itang'oa kokoto zako hata kama kikavu kilikuwa kigumu kama jiwe. Hapo rudisha fila ya chokaa sehemu, chokaa inashikisha lami na kokoto vizuri.

Kama huko kwenu hakuna mpunga

Watu wa pwani na visiwani mna makumbi ya nazi, watu wa Korogwe, Muheza na Kilosa mna mkonge. Kwenye jani la mkonge singa zinazouzwa ni kama asilimia 4 tu, mengine yote yanatoka kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kama maji na makapi, na ndani ya hayo makapi kuna singa fupi ambazo kamba hazifai lakini lami zinafaa kabisa. Zioshe, zikaushe, zikate milimita 6 mpaka 10, ndefu zaidi zinajisokota zinakuwa kama kiota cha ndege. Ukitaka zishike vizuri zaidi ziloweke masaa machache kwenye kostiki soda gramu 50 kwa lita ya maji, na siku zote soda ndo inaingia kwenye maji, usimwagie soda maji, alafu suuza mpaka utelezi uishe. Kiasi ni asilimia 0.3 ya mchanganyiko wote, yaani kilo 3 kwa tani, na zinaingia kwenye kokoto kavu za moto KABLA ya lami. Kipimo chake ni kutia mchanganyiko kwenye kikapu cha waya ndani ya oveni saa moja kwa joto la kuchanganyia, lami iliyodondoka chini isizidi asilimia 0.3.

Mtwara na Lindi mna mafuta ya maganda ya korosho. Yanasaidia lami kushika kokoto na kulainisha lami kuukuu, ila yanababua ngozi vibaya, akina mama wanaobangua wanajua, na yakipata moto yanatoa gesi na kufura, kwahiyo yapashe peke yake kwanza, nje, taratibu mpaka yatulie, ndo uyapeleke kwenye lami kwa kiasi kidogo sana. Mafuta ya kukaangia chipsi yaliyochujwa na kukaushwa maji nayo yanalainisha lami kuukuu, anza na asilimia 2 ya uzito wa hiyo lami kuukuu na usikimbilie kuongeza, yakizidi kokoto zinateleza.

Hatua ya 7: kipande cha barabarani

Usiende barabarani kimya kimya. Ongea na mwenye barabara, kwa huku ni TARURA au TANROADS, Kenya ni KeRRA, KURA au KeNHA, mpelekee majibu ya maabara yenye sampuli ya kulinganishia, omba mita 50 kwenye barabara ya magari machache. Pembeni yake weka mita 50 za lami ya kawaida, siku hiyo hiyo, kokoto za rundo moja, mafundi wale wale na rola ile ile. Kila lori likifika chomeka kipimajoto kwenye mzigo kabla halijamwaga, lami yenye majivu ni nzito kidogo kwahiyo rola lisichelewe, mchanganyiko ukipoa chini ya nyuzi 120 kabla haujashindiliwa vizuri utabaki na matundu na maji yatapita.

Weka alama za rangi kila mita 5 pembeni. Wiki ya kwanza, baada ya masika, baada ya kiangazi na baada ya vuli rudi na rula ya mita 3 iliyonyooka, ilaze kukatisha njia ya matairi kwenye kila alama, pima kina kilichotitia kwa kabari ya milimita, piga picha sehemu ile ile kwa saa ile ile, na kata kipande kimoja kila upande ukakivunje maabara. Andika kwenye daftari moja pande zote mbili, ukurasa wa kulia majivu, wa kushoto lami tupu, na hilo daftari lisikae kwa mtu mmoja, liachie nakala kwa injinia wa wilaya ili hata ukihamishwa mwenzako aendelee kupima kwenye alama zile zile.